Anayeosha na Anayeandika

Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025. Asubuhi ilianguka theluji ya maji, ile inayoyeyuka kabla ya kufika chini, na joto lilikuwa nyuzi mbili. Saa mbili kasoro robo taa za barabarani Rågsved zilikuwa bado zinawaka. Niliziona kupitia dirisha la chumba cha bibi mmoja wa miaka tisini na mbili, nikiwa nimepiga magoti ninamvalisha soksi zake za kubana. Miguu yangu mwenyewe ilikuwa imevimba kuliko yake. Nilimwomba Mungu anifikishe saa nane mchana, mwisho wa zamu, na akanifikisha.

Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi za aina mbili. Za kwanza zilikuwa sura ya mwisho ya hadithi yangu ya mauaji. Ya pili ilikuwa karatasi moja tu, historia ya marehemu Zephania, ambayo nilitakiwa kuisoma kesho yake kanisani, kwenye ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu afariki. Hadithi niliitunga kichwani mwangu, haikunipa shida. Ile karatasi moja, iliyojaa tarehe za kweli, ndiyo iliyokuwa inanilemea.

Nianze na hadithi. Jina langu ni Vumilia. Nilimaliza darasa la saba Singida, nikaja Stockholm kwa mafunzo ya kushona ya miezi sita, nikabaki miaka thelathini na moja. Nilipofika miaka hamsini na minne nikaanza masomo ya jioni, kwanza hesabu, kisha Kiswidi cha kuandika, na sasa kozi ya kutunga hadithi, kila Jumanne, Hagsätra. Tuko tisa darasani. Mimi huinamisha kichwa nikasali kabla ya kufungua daftari, na wenzangu wamezoea, wananisubiri.

Hadithi yangu ni ya mwaka 1936, kwenye misheni ya milimani ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Wapelelezi ni wanawake wawili ambao hakuna aliyewatuma wala kuwapa cheo. Tabea huosha maiti za wanawake. Eunike anajua kuandika, kwa hiyo ndugu wa marehemu humwendea wamsimulie historia itakayosomwa kaburini: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Jioni wawili hao hukaa jikoni kwao wakalinganisha. Tabea anasema alichokiona mwilini, Eunike anasema alichoambiwa aandike. Vitu hivyo viwili visipopatana, wanajua kuna mtu anaficha jambo.

Nimeiandika hivyo kwa sababu kazi zote mbili ninazijua. Katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi nimeosha maiti nyingi hadi nimeacha kuhesabu. Na kwenye kikundi chetu cha maombi, tangu walipojua nasoma jioni, mimi ndiye ninayeandika historia za marehemu. Nimeshaandika kumi na moja. Ya Zephania ilikuwa ya kumi.

Zephania alikuwa dereva wa basi na sauti nzuri kuliko zote katika kwaya. Aliishi Hässelby, mwisho kabisa wa reli ile ile inayokuja kwetu, pamoja na Eliakim, fundi wa meno bandia. Waliishi nyumba moja miaka ishirini na miwili. Kikundini tuliwaita wazee wa Hässelby, na hakuna aliyeuliza zaidi. Hapa Stockholm foleni ya nyumba ni miaka kumi na zaidi. Watu wazima wanagawana chumba, mke na mume wanapangisha sebule kwa mgeni. Wanaume wawili kwenye vyumba viwili, nani angeshangaa? Tulisema wamebahatika kupata mkataba.

Mimi nilijua. Zephania alipougua figo na kukataa kufia hospitali, nilikuwa naenda kumsaidia Eliakim kila nikitoka kazini. Asubuhi aliyofariki tulimwosha sisi wawili kabla watu wa mazishi hawajafika. Niliona kitanda kimoja. Niliona namna Eliakim alivyompashia taulo kwenye bomba la joto la ukutani kana kwamba marehemu angesikia baridi. Nilipofungua droo kutafuta soksi, nilikuta cheti chao cha ndoa, cha mwaka 2011, kimefungwa kwenye bahasha ya plastiki. Nilikirudisha, nikachukua soksi.

Siku mbili baadaye Mzee Method, mwenyekiti wa kikundi, alinipigia. Alikuwa ameongea na dada wa marehemu kule Dodoma. "Andika kama desturi," aliniambia. Niliomba usiku huo na usiku uliofuata, na sikusikia jibu lolote moyoni. Ule ukimya nikauchukua kuwa ruhusa. Nikaandika: *Marehemu hakujaaliwa kuoa. Ameacha dada mmoja, wapwa wanne, na marafiki wengi.*

Basi hiyo ndiyo karatasi niliyokuwa nayo.

Jumamosi hiyo kikundi kilikutana kwa Pélagie, ghorofa ya tatu, dakika saba kutoka kituoni. Pélagie ni wa Bukavu, anafanya usafi shuleni, na anapenda hadithi za mauaji kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alinikamata mlangoni hata sijavua buti.

"Mama Vumi, leo tunamukamata muuaji ao hapana?"

"Bwana asifiwe kwanza, Pélagie."

"Amina, amina. Ni shemeji, si ndiyo? Juma yote niko namuwaza ile shemeji."

"Mwache avue koti," Jean-Bosco, mumewe, alisema kutoka jikoni. "Mimi nasema ni mchungaji. Mtu mwenye funguo za kila mlango, bila shaka ni yeye."

"Mwogope Mungu wewe," Mzee Method alimjibu akiwa kwenye kochi, lakini alikuwa anacheka.

Eliakim alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, koti mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Amekonda mwaka huu. Alinisalimia kwa kichwa.

Tulikuwa tisa. Tuliimba, tukaomba kwa zamu, tukawaombea wagonjwa na wanaosubiri vibali. Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimwita Mungu mara tatu nikakosa la kumwambia. Wenzangu wakasema amina wakidhani nimemaliza. Kisha Pélagie akaleta chai na maandazi, akaketi mbele yangu kabisa, mikono magotini. "Soma."

Nikasoma. Marehemu wa hadithi ni Damari, mpishi wa hospitali ya misheni. Shemeji yake, mtunza ghala, amekuja kwa Eunike kuagiza historia: Damari aliteleza mtoni alfajiri akichota maji, akazama. Lakini Tabea alipomfumua nywele alikuta zimekauka hadi kwenye ngozi ya kichwa. Katika sura hii ya mwisho wanakamilisha upelelezi jikoni kwao. Niliandika hivi:

*Eunike akauweka mguu wa Tabea mapajani, juu ya gazeti kuukuu, akaanza kumkata kucha, kidole kimoja kimoja, kama kila Jumamosi. "Nani alikuja kukuagiza historia?" Tabea aliuliza. "Shemeji." "Watoto wake hawakuja?" "Hawakuja. Alisema wamechoka." Eunike akafika kwenye kidole kidogo, akakishika muda mrefu. "Basi yeye ndiye," akasema. "Mwenye haraka ya kusimulia mwenyewe, ndiye asiyetaka wengine wasimulie."*

"Niliwaambia!" Pélagie aliruka. "Shemeji! Juma zote tatu nasema shemeji!"

"Mchungaji alijua," Jean-Bosco alisema. "Utaona. Alijua akanyamaza."

"Wewe mchungaji alikukosea nini?"

Watu wakacheka. Nikamalizia kurasa mbili zilizobaki, wakapiga makofi, na mama mmoja akafuta macho kwa ajili ya Damari. Mzee Method aliweka kikombe chini taratibu.

"Hawa wanawake wana akili sana," alisema. "Lakini dada Vumilia, kuna kitu umekisahau. Kwa nini hawakuolewa?"

"Waolewe wapate nini?" Pélagie alidakia. "Wakiolewa, nani ataosha wafu? Bwana yake atasema, wapi chakula yangu, wacha hiyo maiti."

"Ni binamu," nikasema. "Wametoka ukoo mmoja."

Hadithi haisemi hivyo popote. Darasani, mwezi uliopita, mwalimu aliniuliza kama hawa wawili ni wapenzi, na nilimjibu ndiyo pale pale, kwa Kiswidi, wala moyo haukushtuka. Kwa Kiswahili ulimi ulinigeukia.

"Ah, binamu," Mzee Method alisema, ameridhika. "Basi ni sawa."

Hapo Eliakim akazungumza.

"Dada Vumilia, nina swali. Tabea akitangulia kufa, Eunike ndiye atakayeandika historia yake?"

"Nadhani ndiye."

"Akifika kwenye 'ameacha', ataandika nini?"

Wote walinitazama wakisubiri, kwa sababu kwao lilikuwa swali la kawaida la msomaji mwerevu. Nilisema sijaifikiria hadithi hadi huko. Nikachukua birika, nikasema chai imekwisha, nikaenda jikoni.

Alinifuata. Nilijua angenifuata. Nilifungua bomba ili maji yapige kelele, naye akaegemea friji.

"Zile kucha," alisema.

"Kaka Eliakim."

"Zephania hakuweza kuinama miaka mitano ya mwisho. Kila Jumamosi, juu ya gazeti. Ulikuja siku moja ukatukuta, ukasema samahani, ukakaa sebuleni. Hukuwa umeona binamu pale, dada yangu. Umewaandika vizuri mno hawa wanawake. Mtu asiyejua hawezi kuandika hivyo."

"Nilijua," nikasema.

"Na cheti ulikiona. Soksi zilikuwa chini yake."

"Nilikiona."

Alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Alikuwa na uchovu ule ninaouona kwa wake wa wagonjwa wa muda mrefu, wanaokuja kila siku na kukaa na koti mwilini.

"Mwaka mzima nilijiambia labda hakuelewa," alisema. "Labda aliona wazee wawili maskini wanaosaidiana. Ningekusamehe hilo, ni ujinga tu. Leo umenisomea mwenyewe kwamba ulielewa kila kitu. Uliosha na uliandika, dada. Wewe ni hao wote wawili. Na maneno yako hayakupatana na ulichokiona."

Nilikaa kwenye kigoda cha Pélagie.

"Unakumbuka siku ya mazishi?" aliuliza. "Mzee Method alisema waliotajwa wasimame tuwaone, tuwape pole. Dada yake alikuwa kwenye simu, wakainua simu juu. Wapwa hawakuwepo. Mimi nilikuwa nyuma na kreti ya soda. Niligawa soda kwenye mazishi ya mume wangu. Kuna mtu aliniambia ya kwake haina baridi."

"Nilikuona," nikasema. Ilikuwa kweli. Nilikuona, Eliakim, na nilitazama karatasi yangu.

"Kwa nini?"

Nilimwambia ukweli kama ulivyo, haukuwa mzuri. Kwamba nina miaka hamsini na minane na hapa ndipo mahali pekee ninapoitwa kwa jina langu bila mtu kuuliza linaandikwaje. Kwamba nilihofia kunyang'anywa kalamu, halafu kiti, halafu salamu. Kwamba niliomba na sikujibiwa.

"Mimi pia niliomba," Eliakim alisema. "Nilimwomba Mungu ampe mtu ujasiri wa kunitaja. Labda alikupa, hukuupokea."

Birika lilikuwa limejaa na kufurika, nikafunga bomba.

"Sasa nisikilize," alisema. "Kesho karatasi ile ile ikisomwa, sitakuwepo. Wala kesho, wala Jumamosi nyingine. Nitaenda kaburini peke yangu na nitaomba peke yangu, nimeshazoea. Sikutishi. Nimechoka kusikiliza maisha yangu yakisomwa bila mimi."

"Na nikikutaja, uko tayari? Watakuangalia. Wengine hawatakupa mkono."

"Dada Vumilia, nina miaka sitini na moja. Nimekaa kwenye treni saa nzima kuja hapa. Nikiwa siko tayari leo, nitakuwa tayari lini? Lakini usinitaje kwa huruma. Sema kama ilivyokuwa, au usiseme."

"Dada Vumilia!" Mzee Method aliita kutoka sebuleni. "Lete ile historia ya kesho, niipige picha. Dada yake ananisubiri, anataka kuiona kabla hajalala, na mtengeneza vipeperushi anaitaka leo."

Eliakim alinitangulia kutoka. Nilibaki jikoni kwa muda wa kusema Baba Yetu, lakini sikuisema. Nilisema tu, Bwana, nimechoka. Sikungoja jibu safari hii. Nilichukua kalamu iliyokuwa juu ya friji ya Pélagie, nikaandika mstari mmoja chini ya karatasi.

Sebuleni Mzee Method alikuwa ameshashika simu.

"Nitaisoma kwanza," nikasema.

"Tunaijua, dada. Ni ile ile, si unaifupisha tu? Dakika tatu, sio zaidi."

"Kuna mahali imebadilika."

Pélagie aliacha kukusanya vikombe. Jean-Bosco, aliyekuwa anaelekea jikoni kubandika birika kwa ajili ya chai ya pili, akasimama mlangoni. Nikasoma: kuzaliwa, shule, kipaimara, meli ya Kiswidi aliyofanyia kazi, basi la kwanza aliloendesha, kwaya. Sauti ilikuwa yangu hadi hapo. Nilipofika kwenye ndoa, nilishusha karatasi.

"Mwaka jana niliandika kwamba Zephania hakujaaliwa kuoa," nikasema. "Niliandika uongo, na niliujua ni uongo, kwa sababu mimi ndiye niliyemwosha. Alikuwa na mume. Mume wake yuko hapa."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Macho yote yalikwenda dirishani, na Eliakim, aliyekuwa na koti mapajani, aliliweka sakafuni.

"Dada, kaa kwanza," Mzee Method alisema polepole. "Umetoka kazini. Umechoka. Haya ni mambo ya kuongea wazee pembeni."

"Nimechoka, ndiyo. Nimechoka na karatasi hii kwa mwaka mzima."

"Dada yake atasema nini? Na mchungaji?"

"Mchungaji alijua," Jean-Bosco alisema, safari hii bila kucheka. "Alikuja pale Hässelby kumupa sakramenti mara ngapi? Alikuwa anaona."

"Nyamaza, Bosco," Pélagie alimwambia, lakini macho yake yalikuwa kwa Eliakim. Alimwangalia muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na miye nilikutuma ulete barafu. Siku ile ya maziko. Nilikutuma barafu, Eliakim."

"Ulinituma," alijibu. "Nilileta."

Mama aliyekuwa amemlilia Damari aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Tulisikia mlango. Mzee Method aliweka simu kwenye kochi, kioo chini, akavua miwani na kujikanda macho. Alionekana mzee kuliko nilivyomzoea.

"Unataka nini sasa?" aliniuliza. "Kalamu tutampa mtu mwingine, unajua? Sitaki, lakini wataniambia hivyo."

"Najua, mzee."

Kikundini kwetu mtu akiwa na neno la kulitimiza hulitamka kabla ya baraka, amesimama, na wengine wakalisikia ili wamwulize wiki inayofuata. Kwa kawaida ni kufunga, au kumpigia mama simu, au kuacha bia. Nilisimama. Goti la kushoto lilitoa mlio. Eliakim naye akasimama, sikumwomba.

"Mimi Vumilia," nikasema, "mbele za Mungu na mbele yenu mliobaki, naahidi. Kesho nitasoma kwamba Zephania alifunga ndoa na Eliakim hapa Stockholm mwaka 2011, kwamba waliishi pamoja miaka ishirini na miwili, na kwamba Eliakim alimuuguza na kumwosha. Nikifika kwenye 'ameacha', jina la kwanza litakuwa la mume wake, na nitamwomba asimame. Mkininyang'anya karatasi, nitayasema yote kwa kichwa."